Toa Nne

Kazi yangu ni kutengeneza majeneza. Nalisema mapema ili asiyependa afunge ukurasa aende zake; mimi nimeshazoea. Watu wa mtaa huu hunisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini msiba ukiingia kwao, hao hao hunigongea mlango kabla jogoo hajawika, na ghafla mimi ni "kaka" na "ndugu yangu." Faida moja ninayo ambayo fundi viatu hana: mteja wangu hajawahi kurudi kulalamika kwamba linambana.

Nilisoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikawa mwalimu, nitamjibu kwamba sikutaka. Ualimu ulinifuata nyumbani kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa mdogo wangu wa kike. Mtaa mzima unamwita Inchi. Ana miaka saba. Baba yake alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke, basi mdogo wangu akarudi kwangu na begi moja mkononi na mtoto mgongoni. Inchi amekulia karakanani, kwenye vumbi la mbao, na mchezo wake wa kwanza ulikuwa tepu yangu ya chuma. Alikuwa akiivuta na kuiachia, inaruka ndani ya kasha lake kwa kelele, naye anacheka mpaka anakaa chini.

Shule alianza vizuri. Kisha siku moja akamtazama mwalimu wake wa darasa la kwanza kuanzia viatu mpaka nywele, akamwambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, wewe ni inchi sitini na saba. Lako litakuwa sabini na moja."

Hakumtakia mabaya. Kwetu kumpima mtu kwa jicho ni sawa na kwa wengine kumwuliza habari za asubuhi. Lakini wiki iliyofuata mwalimu akaanguka kwa homa, akalala siku tisa. Hakufa, yupo mpaka leo, mnene, mwenye afya kunishinda mimi. Wazazi hawakungoja apone. Walijaa ofisini, na mwalimu mkuu akaniita, akanikalisha kitini, akasema kwa upole ule wa mtu anayetaka uondoke kwamba mtoto ana kipaji, ila ingefaa akae nyumbani kidogo mpaka upepo utulie. Miezi saba ikapita na upepo haujatulia. Nikaona isiwe tabu, nitamfundisha mwenyewe.

Kusoma alifundishwa na mama yake. Hesabu zikawa zangu. Sikuwa na vitabu vya picha za machungwa na ndege, nilikuwa na misumari. Kujumlisha ni kupigilia: pigilia mitano, pigilia mitatu, hesabu vichwa. Kutoa ni kung'oa kwa makucha ya nyundo. Siku ya kwanza ya kutoa, aling'oa minne kwenye ubao wa tisa, akainama akaangalia kwa muda.

"Mitano," akasema. "Lakini matundu yamebaki."

"Matundu hayahesabiwi."

"Kwa nini, mjomba? Si yapo?"

"Hesabu misumari, wewe. Matundu ni kazi ya lakiri ya kuzibia."

Kuazima ndiko kulikotutoa jasho. Nikamweleza: thelathini na mbili toa saba, mbili haitoshi kutoa saba, basi tunaazima kumi kwa jirani.

"Tutamrudishia lini?"

"Hatumrudishii."

"Basi huo ni wizi," akasema, akaweka penseli chini. Ilibidi mama yake atoke chumbani aje kumsihi aendelee kuiba.

Alipozidi kuelewa, nikampa hesabu za kazi. Mtu ana urefu wake. Jeneza lina urefu wa mtu na inchi nne zaidi, mbili kichwani na mbili miguuni. Basi kujumlisha: mtu sitini na tano, jeneza je? Sitini na tisa. Na kutoa: asubuhi humwambia aende kwenye ukuta wa mbele ambako mbao zilizokatwa husimama zikisubiri kuunganishwa, apime kila jozi, atoe nne, aniandikie urefu wa mwenyewe. Najua si hesabu za kufundishia mtoto. Wewe unayecheka, niambie ningepata wapi machungwa kila siku. Na alizipenda. Alikuwa akirudi na daftari lake mbio, midomo imejaa vumbi, na hesabu kumi kwa kumi ziko sawa.

Mama yake alianza kuugua kipindi cha mvua. Alificha, na waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walimwona yeye. Tulipofika hospitali daktari alizungumza na mimi kando, ukumbini, akataja miezi huku akinyoosha vidole viwili. Nilidhani nitamficha mdogo wangu. Nilipoingia tu akaniangalia usoni akasema, "Mingapi?" Nikamwambia.

Hakulia mbele yangu. Aliniomba mambo mawili. La kwanza ni kwamba nimtengenezee mwenyewe, kwa mbao ngumu, na nisimfanyie la haraka haraka kama yale ya wateja. La pili lilikuwa la mtoto.

"Nitamwambia mimi," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa maneno yangu. Asisikie kwa jirani wala kwako, kaka. Wewe hujui kusema jambo likaeleweka bila kumuumiza mtu. Kwanza aingie shule. Akishapata nafasi, nitamwita, nitafunga mlango, nitamwambia. Ukinitangulia sitakusamehe, na sina muda wa kuja kukusamehe baadaye."

Nikaapa.

Shule ilipatikana, upande wa pili wa mji, ambako Inchi hajulikani. Walikuwa na nafasi moja darasa la pili, na sharti lao lilikuwa mtihani wa kusoma na wa kujumlisha na kutoa mpaka mia. Siku ilikuwa Ijumaa. Mdogo wangu alihesabu siku kuelekea Ijumaa ile kwa makini kuliko alivyohesabu vidonge vyake. Wiki ya mwisho alikuwa hawezi kukaa bila kuegemea mto, na bado alishona sketi ya sare kwa mkono, mistari miwili miwili, akipumzika kila baada ya vidole vitatu vya mshono.

Mbao nilikuwa nimeshazinunua. Asiyejua kazi hii ataniona nina roho ngumu, kununua mbao za ndugu yako angali anapumua. Lakini mbao ngumu huja mbichi, na mbao mbichi ukiiunganisha hupinda, misumari ikalegea, pembe zikaachana. Sharti ikatwe isimame wiki tatu, nne, inywe upepo. Nikazikata urefu wake, nikazisimamisha nyuma kabisa ya karakana, nyuma ya rundo la plaiwudi, mahali ambapo Inchi hana shughuli. Sikuziandika kitu. Kila nilipopita pale nilitazama chini.

Jumatano mvua ikanyesha na paa la nyuma likavuja. Nilikimbia nikazibeba kwa mikono yangu hii, mbili mbili, nikazisimamisha ukuta wa mbele pamoja na zingine, maana ndio ukuta mkavu. Nilikusudia kuzirudisha. Halafu akaja mteja, kijana aliyefiwa na mtoto mchanga, na mtu wa namna hiyo humwachi mlangoni ukaenda kupanga mbao. Nikasahau.

Alhamisi asubuhi nikamwambia Inchi kama siku zote, "Nenda ukutani. Jozi tano. Toa nne. Kesho ni kesho, usinitie aibu."

Nikaendelea kupiga randa. Alikawia. Kwa kawaida jozi tano humchukua muda wa kikombe cha chai. Safari hii chai yangu ilipoa na bado yupo. Alipokuja hakukimbia. Aliniwekea daftari juu ya benchi akasimama.

Sabini na mbili toa nne, sitini na nane. Vyema. Sabini toa nne, sitini na sita. Vyema. Ishirini na nane toa nne, ishirini na nne, la yule mtoto mchanga, maana watu hutaka nafasi ya blanketi. Vyema. Sitini na sita toa nne, sitini. Sabini na nne toa nne, sabini. Vyema.

"Hii ya nne umekosea," nikasema. "Rudia."

Akaitazama. "Ni sitini."

"Sita toa nne?"

"Mbili."

"Basi sitini na sita toa nne?"

"Sitini."

Nilidhani ananitania. Nikacheka kidogo, nikamwambia leo si siku ya mchezo. Akasema sitini. Nikachukua kipande cha ubao, nikapigilia misumari sita, nikamwambia ang'oe minne. Akaing'oa mmoja mmoja, akaipanga juu ya benchi.

"Imebaki mingapi?"

"Miwili."

"Na sitini yako ipo pale pale. Jumla?"

"Sitini, mjomba."

Hasira hasara. Nimeisema mithali hiyo kwa watu wengi, na siku ile nilipoihitaji mwenyewe haikuja. Niliona Ijumaa inateleza. Nilimwona mdogo wangu na sketi yake. Nikamwona hata baba yake ndani ya mtoto huyu, ule ukaidi wake wa kukazia jambo huku anakutazama machoni, na damu ikanipanda. Nikapiga benchi kwa kiganja mpaka patasi zikaruka. Nikamwambia ni mkaidi, ni mvivu, kwamba mama yake anajichoma sindano vidoleni kwa ajili yake naye anakuja kunichezea hapa. Nikamwambia akae kwenye kigoda kando ya benchi, na hatainuka mpaka aandike jibu la haki, hata jua likizama.

Akakaa. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye karatasi na alikuwa akiyafuta kwa kiwiko ili yasilowanishe namba. Niliendelea na randa, nimempa mgongo. Nilijiambia ndivyo watoto wanavyofundishwa, mkunje angali mbichi.

Baadaye sana nikasikia penseli. Nikageuka. Alikuwa amefuta sifuri, ameweka mbili.

"Safi!" nikasema. "Si unaona? Ulikuwa unajua tangu mwanzo." Nikachukua kalamu nyekundu, nikachora alama ya vyema kubwa, ikachukua nusu ukurasa. Nilikuwa na furaha kweli. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Akasema, "Kwa hiyo ni za mama."

Nikatazama ukutani. Zilikuwa pale, jozi ya nne, mbao ngumu nyekundu, katikati ya mbao nyeupe za wateja, hata kipofu angezipapasa akazijua.

"Watu wengi ni sitini na mbili," nikasema.

"Nani?"

"Wengi tu. Mtaa mzima."

"Mama wa dukani ni sitini na nne," akasema. "Fundi viatu ni sitini na saba. Mke wake ni sitini na moja. Yule bibi wa ghorofani ni hamsini na tisa, amepinda. Sitini na mbili ni mama peke yake. Nilimpima amelala."

Njia ya mwongo ni fupi, yangu haikufika hata mlangoni. Nikapiga magoti kwenye vumbi ili tuwe sawa kwa urefu. Nikamwuliza kwa nini, kama alijua jibu, alikuwa anaandika sitini.

"Ikiwa sitini, mama hatoshi," akasema. "Ungempa mtu mwingine."

Nilikuwa nimemlazimisha. Nilimkalisha kwenye kigoda nikamngoja mpaka aandike kwa mkono wake, kisha nikampigia vyema. Mdogo wangu alikuwa sahihi kwamba sijui kusema jambo bila kumuumiza mtu, ila hata yeye hakufikiri ningeweza kumwumiza mtoto bila kusema jambo lenyewe.

Nikamshika. Alilia kwa muda, uso kwenye aproni yangu, bila sauti, maana dirisha la mama yake liko hatua sita kutoka karakanani. Kisha akajitoa.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Anajua kama mimi najua?"

"Hapana. Alitaka akwambie mwenyewe. Kesho, ukishapata shule. Mimi niliapa nisimtangulie."

Akafikiri. Alikuwa na kibanzi cha randa kimenata puani, akakitoa. Akaenda kwenye bomba la uani, akanawa uso mara tatu, akarudi maji yanamtiririka shingoni.

"Basi usimwambie," akasema. "Niache aniambie."

"Utaweza?"

"Nitaweza." Akachukua daftari, akachana ule ukurasa wenye alama yangu kubwa nyekundu, akaukunja akaniwekea mfukoni. "Nipe zingine. Nipe za kuazima."

Tukafanya za kuazima mpaka mchana. Hakukosa hata moja.

Ijumaa alivaa sketi mpya. Ilikuwa ndefu kidogo, mama yake alisema ataikulia. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mama mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimwona Inchi akimpandisha macho kuanzia viatu mpaka nywele, lakini akafumba mdomo na kutazama kalenda. Alipewa hesabu ishirini. Alipata ishirini. Mwalimu akapitia karatasi mara mbili, akaniuliza ni nani aliyemfundisha.

"Mimi," nikasema.

"Wewe ni mwalimu?"

"Seremala."

"Mna subira, watu wa mbao," akasema, akaandika jina la mtoto kwenye rejista.

Njiani kurudi alishika kidole changu kimoja, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka mitatu. Tulipokaribia nyumbani akaniachia, akakimbia mbele, akaingia akipiga kelele za "Mama, ishirini! Ishirini kwa ishirini!" Nilimsikia mdogo wangu akicheka, kisha akikohoa, kisha akicheka tena. Baada ya hapo mlango wa chumba ukafungwa.

Niliketi kwenye ngazi ya uani. Sikutaka kusikiliza na sikuweza kuondoka. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa ya chini, polepole, inasimama na kuanza tena. Alikuwa ameyapanga maneno yale kwa wiki nyingi. Sikuyashika yote. Nilisikia "mwili umechoka" na nilisikia "mjomba wako." Kisha sauti ya Inchi, nyembamba, ya mtoto mdogo kuliko yeye, ikiuliza, "Umechoka kwa nini, mama? Si ulale tu, kesho upone?"

Mama yake akaanza upya kumweleza. Akamweleza tangu mwanzo, taratibu, na safari hii mtoto alilia kwa nguvu, akaita mama mara nyingi, na sauti ya mdogo wangu ikawa juu ya ile ya mtoto, ikimbembeleza, imetulia kuliko nilivyoisikia mwaka mzima.

Niliitwa ndani jua likiwa limeshakwenda upande wa pili wa nyumba. Inchi alikuwa amelala, au amefumba macho, kichwa kifuani kwa mama yake, sketi ya sare imekunjamana. Mdogo wangu alikuwa amechoka mpaka midomo imegeuka rangi, lakini uso wake ulikuwa na kitu nilichokisahau. Ilikuwa fahari.

"Nimemwambia," akanong'ona. "Maskini, alikuwa hajui lolote. Ilibidi nimweleze mara mbili. Lakini amenielewa, kaka. Nilivyokuwa naogopa kwamba nitachelewa, kwamba kuna mtu atanitangulia."

Kope za mtoto zilicheza kidogo, zikatulia.

"Hakuna aliyekutangulia," nikamwambia.